Jinsi Dhuluma Zinavyoshikana

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lokitaung

Mheshimiwa Mwenyekiti, Wazee wetu wa heshima, Akina Mama, na Wanachama wote,

Twashukuru kupewa nafasi hii kabla ya hesabu za fedha kusomwa. Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka mbali, na jua la hapa halimngoji msemaji. Kwa hiyo hatutazunguka. Mbele ya mkutano huu yapo mashauri mawili ambayo Halmashauri haikuweza kuyakata. La kwanza ni kama mfuko wetu wa misiba uwafae pia wale tuwaitao watu wa kuja, yaani vibarua waliotoka sehemu nyingine, na wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wanaofanya kazi kati yetu. La pili ni kanuni yetu ya karo, ile isemayo kwamba fedha zikipungua atangulie mtoto wa kiume. Katika Halmashauri ilisemwa kuwa mashauri haya mawili hayahusiani hata kidogo, wala hayahusiani na dhuluma iliyotupata sisi Waturkana, ambayo ndiyo iliyofanya chama hiki kianzishwe. Sisi tuna rai nyingine, nayo ndiyo tuliyoagizwa kuieleza.

Tuanze hapa hapa tulipo. Jina la Lokitaung lajulikana Kenya nzima kwa sababu ya wafungwa wa Kapenguria. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku ule ule viongozi wa chama cha KAU walikamatwa. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiliwa, alitiwa kizuizini. Waliobaki wakatumikia kifungo chao hapa. Mzee Kenyatta, kwa kuwa umri wake ulikuwa umeendelea, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake, nao wakatoka juani kwenye kazi za sulubu.

Watoto wa shule wakiulizwa kwa nini walichaguliwa kuletwa Lokitaung, hujibu: kwa sababu ya joto na umbali. Jibu hilo halitoshi. Kenya ina mahali pengi penye joto. Sababu kubwa zaidi ni kwamba nchi hii ilikuwa imekwisha kufungwa kwa sheria. Ilikuwako Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902, iliyompa mkubwa wa serikali uwezo wa kuifunga wilaya, asiingie mgeni yeyote pasi na hati. Ikaja Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934, iliyozidisha nguvu za Bwana D.C. juu ya watu na mifugo, hata kuwaadhibu wengi kwa kosa la mmoja. Mwandishi wa gazeti hakuweza kuja Lokitaung. Wakili hakuweza kuja akijipendea. Ndugu wa mfungwa wala asingethubutu. Basi, Wazee wetu, tazameni neno hili: ukuta wa gereza lile haukujengwa mwaka 1953. Ulikuwa umejengwa miaka mingi kabla yake, nao ulijengwa kwa ajili yetu. Yule Mkikuyu, yule Mkamba na yule Mjaluo walifungwa ndani ya kifungo cha Mturkana.

Ukuta huo ulijengwaje? Wazee mwaijua habari hii kuliko sisi, kwa maana mliisikia kwa baba zenu chini ya mti. Mwaka 1918 majeshi ya KAR pamoja na askari waliotoka Sudan walikuja katika vita vinavyoitwa doria ya Labur, wakachukua mifugo kwa maelfu. Baada yake watu walinyang'anywa bunduki, hali majirani wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakiendelea kuzipata. Mwaka 1926 nchi hii ikatolewa katika mamlaka ya Uganda na kutiwa katika mamlaka ya Kenya, bila ya Mturkana kuulizwa. Kodi ikatozwa. Shule na zahanati hazikuja kwa kipimo cha kodi hiyo. Wamisionari wenyewe hawakupata kukaa kwetu mpaka njaa ya mwaka 1960 na 1961, ilipolazimu watu wapewe chakula kambini.

Twaomba tukawie kidogo juu ya ile adhabu ya wengi kwa kosa la mmoja, maana ndiyo iliyotufunza jinsi dhuluma moja inavyoizaa nyingine. Kijana wa boma moja akiiba ng'ombe, serikali ilichukua mifugo ya ukoo mzima. Mwenye hatia na asiye na hatia wakabaki mikono mitupu. Sasa, kijana asiye na mifugo ataoa kwa nini? Baba yake hana cha kumpa. Atamngoja dada yake aolewe, na dada huyo aweza kuharakishwa aende kwa mume asiyemtaka, mradi zizi lijae tena. Au kijana atakwenda kuteka mifugo ya jirani. Akienda kuteka, Bwana D.C. huandika katika kitabu chake kwamba Waturkana ni watu wakali, hawana budi kutawaliwa kwa mkono wa chuma na kufungiwa nchi yao. Adhabu ilizaa kosa, kosa likawa ushahidi wa kuongeza adhabu. Na katika duara hilo aliyelipa zaidi hakuwa yule kijana. Alikuwa msichana ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Kaskazini ya Kenya ilitumiwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1921 walowezi walitaka kupunguza mishahara ya Waafrika, na kipande kilikuwa kimekwisha kutiwa shingoni mwa wanaume. Harry Thuku, karani wa simu wa Nairobi (twaruhusiwa kujivunia kidogo mwenzetu wa kalamu), alisimama akasema juu ya mishahara, juu ya kipande, na juu ya wanawake na wasichana waliokuwa wakilazimishwa kufanya kazi mashambani. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na mmoja wao, Muthoni Nyanjiru, akawakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Askari wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na Muthoni alikuwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu, na baadaye Marsabit. Alikuwa amesema mambo matatu kwa kinywa kimoja: ujira, hati, na heshima ya mwanamke. Serikali iliyajibu yote matatu kwa risasi zile zile, kwa maana ilijua kuwa ni jambo moja.

Kuhusu Lokitaung yenyewe, kabla ya wale sita alikuwapo mtu ambaye watoto wetu hawamtaji. Huyo ni Makhan Singh, Mhindi wa dini ya Kalasinga, aliyeunda pamoja na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki mwaka 1949. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alitoa shauri kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili, mara moja. Wengi wa wakubwa wa wakati ule walidhani ana wazimu. Mwezi wa Mei yeye na Kubai walikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku nyingi, na Makhan Singh akaletwa hapa. Baadaye alihamishiwa Maralal, wala hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Alikaa katika mikono ya serikali zaidi ya miaka kumi na moja, na huyo ni Mhindi, katika nchi ambayo Mhindi na Mwafrika walitengwa hospitalini, shuleni na hata makaburini. Yeye alikwisha kuona kwamba fundi wa Kihindi anayelipwa chini ya Mzungu, na kibarua wa Kiafrika anayelipwa sehemu ndogo ya mshahara wa Mhindi, wote wawili wanabanwa na mlango mmoja. Wakubwa walitumaini kila mmoja atamtazama aliye chini yake na kushukuru.

Kesi ya Kapenguria nayo ilionyesha jambo hilo hilo. Mawakili wa washtakiwa walikuwa D. N. Pritt wa Uingereza, Diwan Chaman Lall wa India, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, na wa hapa Kenya A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Walitetea watu wale wale mchana, na jioni walipofika Kitale ubaguzi wa rangi ukawazuia kula na kulala pamoja. Davies na Thompson hawakuhitaji kuelezwa habari za Kenya kwa kirefu. Waliziona kwao.

Na aliletwa hapa pia Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, baada ya kukamatwa mwaka 1954. Kenyatta alimfundisha Kiingereza ndani ya gereza la Lokitaung. Itote alikuwa askari wa KAR huko Burma katika vita vya pili. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1967 asimulia jinsi alivyokutana mjini Calcutta na askari mweusi wa Marekani, ambaye alimweleza habari za watu weusi wa Haiti waliojikomboa. Jamani, neno la Haiti lilisafiri kupitia Marekani na India hata likafika Mlima Kenya! Wanaodhulumu walisafiri na kuandikiana barua. Wanaodhulumiwa nao walipata kukutana, ijapokuwa ni kwa sababu walipelekwa kupigana vita visivyo vyao.

Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, ya kulalamikia jinsi walivyotendewa, ilitoka katika gazeti la Observer la London. Mwezi huo huo Oginga Odinga alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba watu hao wangali viongozi wa nchi. Ukuta ulikuwa umetobolewa. Aprili 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, Aprili 1961 akapelekwa Maralal, na Agosti 1961 akarudi Gatundu.

Sasa twafika kwenye jambo lenye uchungu, nasi tutalisema kwa adabu lakini hatutalificha. Wafungwa walitoka, kufuli likabaki mlangoni. Sheria zile mbili za kuifunga nchi ya kaskazini hazikufutwa siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Zilidumu mpaka mwaka 1997. Mwaka 1965 serikali yetu wenyewe ilitoa Waraka Namba 10, ulioshauri fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye rutuba na mvua, ambapo faida ingerudi upesi. Fikira hiyo haikuwa ngeni. Ilifanana na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotolewa wakati Kenyatta na wenzake walikuwa wangali hapa kifungoni. Nchi yetu ilikuwa imenyimwa kwa miaka sitini, kisha ikanyimwa tena kwa hoja kwamba haina kitu. Hata leo msafiri anayetoka Lodwar kuelekea Kitale husikika akisema, "Nakwenda Kenya." Si mzaha tu.

Je, kufuli hilo lilitudhuru sisi peke yetu? La, hasha. Kaggia alipowatetea wasio na ardhi alitoka serikalini, akajiunga na chama cha KPU mwaka 1966, na mwaka 1968 akafungwa kwa kosa la kufanya mkutano bila ruhusa. Oneko alitiwa kizuizini mwaka 1969, akatoka mwaka 1975. Watu wawili kati ya wale sita walirudi kifungoni chini ya bendera waliyoipigania, na kwa sheria zilizofanana na zile za kwanza. Walipokuwa madarakani wenzao hawakuzitupa funguo, kwa kuwa wakati ule zilikuwa zikimfungia mtu mwingine. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tumekwenda mbali; turudi Kakuma. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, walipokuja vijana wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu, na baadaye watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuweza kutoka kambini kwenda Kitale au Nairobi pasi na kibali cha kusafiri. Kibali hicho mwakijua, Wazee. Babu zenu walikiona kwa jina jingine. Mkikuyu alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati kikaitwa kipande. Sisi tulikiona kama mpaka wa wilaya. Mkimbizi hukiona kama karatasi yenye muhuri. Karatasi hubadilika, na makarani hubadilika. Anayeshikwa njiani bila ya hiyo karatasi ni yule yule asiye na wa kumsemea.

Tunayajua manung'uniko yenu, nasi hatuyadharau. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mgeni alichimbiwa kisima na kupewa zahanati, na mwenyeji akatazama. Ni kweli kwamba mama wa Kiturkana alibeba kuni na makaa kichwani kumwuzia mkimbizi kwa bei ndogo, au kubadilishana na unga. Makao ya Kalobeyei yalipofunguliwa mwaka 2016 yalikusudiwa kuwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, na hiyo peke yake yaonyesha kuwa mpango wa kwanza ulikuwa na kasoro. Lakini tuulize: mkimbizi ndiye aliyetunyima visima tangu mwaka 1918? Yeye alikuja akatukuta na kiu. Anayetugombanisha kwa debe moja la maji apata faida ya kutoulizwa kwa nini ni debe moja. Ni vivyo hivyo huko Todonyang. Sisi na Wamerile tumeuana miaka mingi kando ya ziwa, na ziwa hilo lapata sehemu kubwa sana ya maji yake kutoka mto Omo. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2018 UNESCO ikalitia Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mmerile wa mtoni na mvuvi wetu wa ziwani hawakuketi mezani siku lilipoamuliwa bwawa hilo.

Mtu asitusikie vibaya. Hatusemi kuwa dhuluma zote zina uzito mmoja. Aliyeuawa Nairobi mwaka 1922 na fundi aliyepunjwa mshahara si sawa. Wala hatusemi kwamba aliyedhulumiwa hawezi kudhulumu. Askari wengi waliowalinda wafungwa walikuwa Waafrika, na hati za kuwazuia watu njiani zilipigwa taipu na makarani kama sisi. Tunalosema ni kwamba dhuluma hujifunza kazi mahali pamoja, kisha hupelekwa kufanya kazi mahali pengine. Ikizoea kuwafungia wafugaji, itajua kuwafungia wanasiasa. Ikizoea kuhesabu kwamba nchi kavu haistahili shule, baba naye atahesabu nyumbani kwake kwamba msichana hastahili karo, na atatumia maneno yale yale: fedha ni chache, tuziweke panapo faida.

Hapo ndipo shauri la pili linapoingia. Kanuni yetu ya "mvulana kwanza" iliandikwa na watu wema, wakati fedha zilipokuwa haba kweli kweli. Hata hivyo ukiisoma polepole utaona kwamba ni Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 katika umbo dogo. Tumelalamika mbele ya kila Gavana wa kaunti tangu mwaka 2013, na mbele ya serikali ya Nairobi kabla yake, kwamba sisi si nchi isiyo na faida. Tutasimamaje tena kulisema neno hilo, hali tumemwandikia binti yetu neno lile lile katika daftari letu?

Mzee mmoja alituuliza katika Halmashauri: tukifungua mfuko kwa kila mtu, je, hautakauka? Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo hatupendekezi mfuko ufunguliwe kwa kila apitaye njia. Tunapendekeza kwamba yeyote anayeishi au kufanya kazi katika eneo la chama kwa muda usiopungua mwaka mmoja, akilipa ada ile ile tunayolipa sisi, apate msaada ule ule wakati wa msiba, wala asiulizwe kabila wala hati ya kambi. Asiyelipa asipewe, awe Mturkana au la. Juu ya karo, tunapendekeza kwamba neno "mvulana" lifutwe katika kanuni, na mahali pake liandikwe "mtoto mwenye uhitaji mkubwa zaidi", na uhitaji huo upimwe na kamati ambayo nusu yake ni akina mama.

Mapendekezo yote mawili yamekwisha kuandikwa katika daftari la Chama, nayo yatasomwa kwa Kiturkana na kwa Kiswahili baada ya Mweka Hazina kumaliza hesabu zake. Kila pendekezo litapigiwa kura peke yake. Akina mama waliolipa ada watapiga kura sawa na wanaume, kama katiba ya Chama inavyosema, ijapokuwa mwaka jana hawakuitwa. Wazee wanaotaka kupinga wamepewa nafasi ya kwanza kusema.